Swali Linaloweza Kujibiwa "Hapana": Uchambuzi wa Ombi Moja la GRFP

Mwombaji wa kisa hiki ni binti aliyezaliwa Kongo, akakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha akahamia Marekani pamoja na mama yake na wadogo zake kwa njia ya ukimbizi. Septemba 2024 ndiyo kwanza alikuwa ameanza PhD ya biolojia katika jimbo la Ohio. Jina lake na la chuo chake nayaacha. Nilizisoma rasimu zake zote, na ameridhia nizieleze, kwa sababu vijana wengi wanaozungumza Kiswahili hufika pale alipokuwa yeye na kuondoka bila hata kujaribu kuomba.

Ufadhili wenyewe ni wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, na wengi huuita kwa kifupi GRFP. Ulianza 1952, miaka miwili baada ya NSF kuundwa. Anayeupata hulipwa posho ya dola 37,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu anaweza kuipanga ndani ya kipindi cha miaka mitano. Chuo nacho hupokea dola 16,000 kwa mwaka kwa ajili ya ada yake. Kwa mtu aliyetoka familia isiyo na kitu, fedha hizo si haba, lakini kuna jambo zito zaidi. Mwanafunzi wa PhD wa sayansi Marekani kwa kawaida hulipwa kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, au hulipwa kutoka kwenye ruzuku ya profesa wake. Akilipwa na ruzuku ya profesa, anafanya kazi ya ruzuku hiyo. Mwenye GRFP anaingia maabara na posho yake mwenyewe, na ana nguvu ya kusema: mimi nataka kuchunguza hiki.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kichwani mwake. Aliamini ufadhili huu ni wa raia tu, na yeye alikuwa bado anasubiri uraia. Sivyo. Mkaazi wa kudumu, mwenye grinikadi, anastahili sawasawa na raia, mradi hadhi hiyo awe nayo kabla ya siku ya mwisho ya kuomba. Mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hawezi kuomba, na mkimbizi ambaye grinikadi yake haijatoka naye hawezi. Hilo ni la kuhakikisha siku ya kwanza kabisa, kabla hujamsumbua mtu yeyote kwa barua.

Kizuizi cha pili kilikuwa muda. "Kaka, niombe sasa au ningoje mwaka wa pili?" aliniuliza. Kwa kanuni za wakati ule, mwanafunzi aliyekwisha kuingia PhD aliruhusiwa kuomba mara moja tu, akiwa mwaka wa kwanza au wa pili. Wenzake maabarani walimshauri angoje: mwaka ujao atakuwa na data, huenda na makala, na maprofesa watakuwa wanamfahamu. Niliona hoja yao ina mantiki lakini haitoshi. Anayesoma ombi la mtu aliyeanza PhD juzi hatarajii kukuta data za PhD. Anataka kuona namna mtu huyo anavyofikiri. Tena programu ya serikali hubadilika kila mwaka, na fursa unayoiona leo hujui kesho itakuwaje. Nilimwambia aombe sasa. Siku ya mwisho ilikuwa katikati ya Oktoba.

Rasimu ya kwanza ya mpango wa utafiti

Ombi la GRFP lina maandishi makuu mawili: maelezo ya mwombaji mwenyewe yasiyozidi kurasa tatu, na mpango wa utafiti usiozidi kurasa mbili. Wahakiki hupima yote kwa vigezo viwili, ubora wa kitaaluma na manufaa mapana kwa jamii. Ukizidisha kurasa, au ukabana herufi na pambizo ili maneno yaenee, ombi hurudishwa bila kusomwa. Katika kurasa mbili, kila sentensi isiyofanya kazi inakula nafasi ya ile ambayo ingefanya.

Mada yake ilikuwa nzuri. Kuna kuvu inayoitwa Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo wataalamu huifupisha kuwa Bd. Hushambulia ngozi ya vyura na jamaa zao. Chura hutumia ngozi kupitisha maji na chumvi, na Bd inapoiharibu, chumvi za mwilini huvurugika mpaka moyo unasimama. Kuvu hiyo ilielezwa rasmi kisayansi mwaka 1999, na imehusishwa na kupungua kwa mamia ya spishi duniani, nyingine hadi kutoweka. Baadhi ya vyura na salamanda, hata hivyo, hubeba kwenye ngozi bakteria wanaotoa kemikali za kuizuia. Mmoja wao ni Janthinobacterium lividum, kwa kifupi J. lividum, bakteria wa rangi ya zambarau. Profesa wake alikuwa na mradi juu ya bakteria hao.

Sasa, rasimu ilisema nini? Ilifungua kwa kusema kwamba magonjwa ya kuvu yanatishia bayoanuwai na kwamba utafiti zaidi unahitajika haraka. Ikaahidi kukusanya bakteria kutoka spishi nyingi, kupanga mfuatano wa DNA zao, kutafuta wale wanaozuia Bd, na hatimaye kupata tiba. Ilimalizia kwa kusema matokeo yanaweza kusaidia kutengeneza dawa mpya za magonjwa ya ngozi ya binadamu.

Sentensi hiyo ya mwisho ingeweza kulizamisha ombi lote. GRFP haifadhili utafiti ambao lengo lake la moja kwa moja ni ugonjwa au afya ya binadamu, iwe chanzo cha ugonjwa, utambuzi wake au matibabu yake. Kazi hiyo ina wafadhili wengine. Vijana waliolelewa mahali ambapo hospitali iko mbali huivutia sayansi yao upande wa tiba bila kujua, kwa sababu ndiko walikoona haja kwa macho yao. Ninaielewa haja hiyo na naiheshimu. Lakini kwa mfadhili huyu, mstari mmoja wa kuongeza uzito unaweza kumfanya msomaji ajiulize kama ombi liko mahali pake.

Alipokubali kuufuta, alidhani tumemaliza. Nami nilikuwa na wasiwasi mwingine, mkubwa kuliko huo. Nilimwomba anionyeshe ni matokeo gani ya maabara yangemfanya aseme: nilikosea. Alisoma kurasa zake mbili tena na tena asiyaone. Hayakuwemo. Mpango wa kukusanya, kupima na kuorodhesha hauwezi kukosea, kwa sababu haudai chochote. Utapata bakteria fulani kwa vyovyote, na utawaorodhesha. Mhakiki akimaliza kuusoma, anajua mwombaji ana bidii, lakini hajui kama ana wazo.

Jambo jingine lililojificha ndani ya rasimu ni kwamba ule ulikuwa mradi wa profesa. Maneno yalikuwa yake, ila mtiririko ulikuwa wa ruzuku ya maabara, hatua kwa hatua. Wanafunzi wengi wapya hufanya hivi kwa heshima, kwani nani atamwambia profesa wake kwamba anataka kugeuza kazi? Lakini GRFP inamfadhili mtu, haifadhili maabara. Isitoshe, akipata ufadhili halazimiki kuufanya utafiti ule ule alioandika. Kurasa mbili zile ni ushahidi wa jinsi anavyojenga hoja, na ushahidi wa kuazima haumsaidii.

Swali lilipotokea

Kilichotuvusha ni makala mbili alizokuwa amekwisha kuzisoma na kuzitaja pamoja kwenye sentensi moja, kana kwamba zinasema kitu kimoja. Ya kwanza, ya 2009, ilionyesha kwamba vyura wa milima ya Sierra Nevada huko California, walipoongezewa J. lividum kwenye ngozi, walinusurika na Bd. Ya pili, ya 2011, ilijaribu bakteria huyo huyo kwa vyura wa dhahabu wa Panama. Hakukaa kwenye ngozi yao muda mrefu, na hakuwakinga.

Nilimuuliza: kwa nini kule alikaa, huku hakukaa?

Alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu sababu. Labda ni joto, kwa kuwa utengenezaji wa kemikali ya zambarau ambayo bakteria huyo huizuia Bd nayo hutegemea joto. Labda ni ngozi yenyewe, kemia yake. Labda ni bakteria wenyeji, wale waliokuwepo tangu mwanzo, ambao wamejaza nafasi yote na kumsukuma mgeni nje. Alipofika kwenye hilo la tatu sauti ilibadilika, maana shahada ya kwanza alikuwa amefanya mradi mdogo juu ya jamii za bakteria kwenye udongo, na alijua vizuri jinsi wenyeji wanavyoweza kumnyima mgeni makazi. Hapo swali likawa lake kweli.

Mpango ulioandikwa baada ya siku hiyo ulifungua hivi, kwa maana yake: bakteria mmoja aliwakinga vyura wa California lakini hakudumu kwa vyura wa Panama, ninapendekeza kwamba kinachoamua ni bakteria wenyeji wa ngozi, na nitalipima hilo. Mistari miwili tu, na msomaji ameshajua kitendawili na dai.

Jaribio lenyewe lilipungua na kuwa imara zaidi. Badala ya spishi nyingi, moja: salamanda wa mgongo mwekundu, ambaye ni wa kawaida katika misitu ya mashariki mwa Marekani na kwa asili huweza kubeba J. lividum. Makundi manne. Nusu ya wanyama wangepunguziwa bakteria wenyeji kwa kuogeshwa kwenye myeyusho hafifu wa haidrojeni peroksaidi, njia ambayo watafiti wa eneo hili wameshaitumia. Nusu wangeachwa walivyo. Kila nusu ingegawanywa tena, wengine kwenye joto la chini na wengine kwenye joto la juu kidogo. Wote wangepewa J. lividum kwa kipimo kilekile, kisha ngozi zao zingepanguswa kwa pamba mara kwa mara, na DNA ya bakteria ingepimwa ili kuona mgeni yupo au ameondoka.

Kilichonipendeza zaidi ni aya ya utabiri. Kama wenyeji ndio kikwazo, aliandika, bakteria mgeni atadumu zaidi kwa waliopunguziwa wenyeji, katika joto lolote. Kama joto ndilo linaloamua, tofauti itaonekana kati ya joto na joto, na kule kuogeshwa hakutabadilisha kitu. Na kama hakuna tofauti yoyote, nadharia tete yake imeanguka, na macho yaelekezwe kwenye kemia ya ngozi. Aya hiyo ilikuwa fupi, lakini ndiyo iliyoeleza akili ya mtu.

Angalieni pia kilichotoweka. Hakuna mnyama hata mmoja ambaye angeambukizwa Bd. Swali halikuhitaji ugonjwa ndani ya maabara, kwa sababu sasa lilihusu jinsi jamii ya viumbe inavyompokea au kumkataa mgeni, ambalo ni swali la ikolojia. Hatukubadilisha maneno ili kukwepa kanuni. Swali lenyewe lilikuwa limebadilika. Mhakiki mzoefu hutambua upesi ombi la tiba lililovishwa msamiati wa ikolojia.

Aliogopa kumpelekea profesa. Nilimshauri aende na karatasi moja tu, yenye zile makala mbili na swali kati yake. Alirudi akisema profesa alisoma, akamuuliza maswali mawili magumu kuhusu kipimo cha bakteria, kisha akamwambia aendelee.

Maelezo binafsi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Rasimu ya kwanza ya kurasa tatu ilitumia zaidi ya ukurasa mmoja kueleza kambi: foleni za chakula, hema, miaka ya kungoja. Yote ni kweli, na hakuna aliye na haki ya kumwambia asiyaseme. Lakini msomaji alikuwa akifika ukurasa wa pili bado hajamwona mwanasayansi. Mateso yanamfanya msomaji ahurumie, na huruma haimo katika vigezo viwili vya kupima.

Katikati ya kurasa hizo kulikuwa na mstari mmoja uliokaa kama mgeni asiyekaribishwa kiti: kwamba akiwa sekondari alipelekwa na shule kwenye bustani ya wanyama ya Toledo, akawaona vyura wa Kihansi. Nikamwomba anieleze siku hiyo. Vyura wadogo wa manjano, wasiofika sentimeta tatu, nyuma ya kioo chenye ukungu wa maji, na watoto wao wadogo mno, kwa sababu chura huyu hatagi mayai, huzaa. Kibao kilisema wametoka Tanzania. Yeye ameishi Tanzania miaka yote ile na hakuwahi kusikia habari zao.

Kisa cha vyura hao wengi tunakijua. Waliishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi tu, eneo dogo sana. Bwawa la umeme lilipoanza kazi maji yakapungua, na mwaka 2000 karibu vyura 500 wakapelekwa Marekani kuhifadhiwa. Mwaka 2003 waliobaki bondeni waliporomoka ghafla, na Bd ikakutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na 2012 waliozaliwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo wakaanza kurudishwa nyumbani.

Alisoma habari hizo zote jioni ile, akiwa na miaka kumi na sita, na kuanzia hapo njia inafuatika: klabu ya sayansi, mradi wa udongo chuoni, ombi la kujiunga na maabara hii. Tulihamisha siku ya Toledo mbele. Kambi ilibaki, kwa aya moja isiyo na pambo, mahali ilipohitajika ili msomaji aelewe amefikaje hapo.

Manufaa kwa jamii yalikuwa na tatizo la kinyume chake. Alikuwa ameandika kwamba atahamasisha vijana wa jamii mbalimbali kupenda sayansi, ahadi ambayo kila mwombaji huiandika. Kumbe alikuwa na kazi aliyokwisha kuifanya. Majira ya joto alikuwa akiwachukua watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili mtaani kwao kwenda kwenye kijito kutafuta viluwiluwi, na alikuwa amewachorea karatasi ya kutambua wanyama wa majini kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakuiandika kwa sababu, alisema, "hiyo ni kucheza tu na watoto." Iliingia, pamoja na mpango wa kuiendeleza na mwalimu mmoja wa sayansi aliyekuwa tayari kushirikiana naye. Mtu anayeahidi kuendeleza kitu kilichopo anaaminika upesi kuliko anayeahidi kuanza.

Barua

GRFP hudai barua mbili kwa uchache, na huzingatia hadi tatu. Zisipofika mbili, ombi halisomwi, hata liwe bora kiasi gani. Mwombaji anaweza kuorodhesha hadi watu watano kwa mpangilio wa upendeleo, na yeye aliorodhesha wanne, tahadhari ambayo ninaipendekeza kwa kila mtu.

Mmoja wa aliowaomba alimjibu kwamba aandike barua mwenyewe, yeye ataitia sahihi. Jambo hili ni la kawaida mno, na linamweka kijana pabaya: akikataa anaonekana mkaidi, na akikubali anakuwa amejisifu kwa jina la mtu mwingine. Alimshukuru kwa adabu, akamtumia ukurasa mmoja wenye mambo aliyoyafanya kwenye maabara ya mzee huyo, tarehe zake na matokeo yake, akamwambia huenda hayo yatamrahisishia. Barua ikaandikwa na mwenyewe. Ukurasa kama huo aliwatumia wote, pamoja na mpango wa utafiti na maelezo ya vigezo viwili, ili barua zisiishie kwenye sifa za "bidii" na "nidhamu".

Matokeo

Aprili 2025 matokeo yalitoka. Miaka iliyotangulia NSF ilizoea kutoa takribani nafasi 2,000 au zaidi; safari hii ilitangaza 1,000. Yeye alipata kutajwa kwa heshima, daraja linalofuata chini ya washindi, lisilo na posho. Juni NSF iliongeza nafasi 500, na jina lake halikuwamo.

Iliuma. Sitajifanya haikuuma, kwake wala kwangu.

Maoni ya wahakiki hutumwa kwa mwombaji, na haya ndiyo niliyotaka kuyaona. Aya ya utabiri ilisifiwa wazi. Kazi ya kijitoni ilisifiwa pia. Lawama iliyokuwa na uzito ilikuwa moja: je, ikiwa J. lividum hatadumu kwa mnyama yeyote, katika kundi lolote kati ya manne? Hapo makundi hayalinganishiki, na mpango haukusema angefanya nini. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Hata yale maswali mawili ya profesa kuhusu kipimo yalikuwa yanaelekea huko huko.

Kwa kuwa alikuwa ameshaingia PhD, nafasi yake ya GRFP iliisha hapo. Wapo waliomwambia angengoja kama alivyoshauriwa na wenzake maabarani. Septemba 2025 kanuni mpya zikatoka, na wanafunzi wa mwaka wa pili wa PhD waliondolewa kabisa kwenye wanaostahili. Angengoja, angekuta mlango umefungwa, bila maoni ya mhakiki hata mmoja mkononi. Walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza na wa kwanza wa PhD wasome hilo vizuri, na wasome kanuni za mwaka wao wenyewe badala ya kutegemea za kaka na dada zao.

Posho yake sasa inatokana na kufundisha maabara za biolojia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mpango wa kurasa mbili umekuwa msingi wa pendekezo lake la PhD, ukiwa na hatua mpya mwanzoni: jaribio dogo la vipimo vitatu tofauti vya J. lividum, ili kipimo kinachokaa kijulikane kabla ya makundi manne kuanza. Profesa amekubali kulipia vipimo vya DNA. Maombi ya kibali cha kukusanya salamanda, na yale ya kamati ya chuo inayosimamia matumizi ya wanyama, yamekwisha kupelekwa.